Filta ya hewa ya lori lenye tabo: karatasi, nyuzi nano au pamba ya kuosha?

Nianze na jibu, maana najua kuna wanaosoma haya huku kabini imeinuliwa na fundi anasubiri. Kama lori lako linabeba mzigo kila siku na injini iko kama ilivyotoka kiwandani, weka filta kavu: ya karatasi nzuri kama maisha yako ni ya lami, na yenye tabaka la nyuzi nano kama unakula vumbi. Pamba yenye oili, ile ya kuosha na kurudisha, ina watu wake, ila wengi wao hawaendeshi malori ya mzigo. Filta za kitambaa kikavu za kuosha ziko katikati, na nitaeleza kwa nini bado siziweki kwenye lori la kazi. Kuhusu jina lililoandikwa kwenye boksi, nitasema jambo litakalowaudhi wauzaji: raba ya kuziba ina uzito kuliko jina.

Lori linameza nini

Lita moja ya dizeli haiungui mpaka ipate kilo 12 hivi za hewa, yaani kama mita za ujazo 10. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Injini ya dizeli hupenda hewa ya ziada, na ikiwa na mzigo huvuta mara moja na nusu hadi mara mbili ya kiwango hicho. Ukichoma lita 100 za mafuta, basi, mita za ujazo 1,500 hadi 2,000 za hewa zimepita kwenye filta yako. Injini ya lita 13 inayopanda mlima na tela lake inaweza kumeza karibu mita za ujazo 20 kwa dakika. Ni kama kuvuta hewa yote ya chumba kidogo cha kulala, kila dakika, pamoja na vumbi lake.

Hapo ndipo ushauri wa gari dogo unapoanza kukosea njia. Gari la petroli lina kilango kinachobana hewa dereva anapoachia mafuta. Dizeli kwa kawaida haibanwi hivyo. Inavuta muda wote, na tabochaja (tabo, kama tunavyoiita, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia hewa) inaongeza mvuto juu yake. Filta inayotosha kwa gari la kwenda kazini na kurudi haijaonja hata robo ya kazi hii.

Jambo la pili ni ukubwa wa vumbi lenyewe. Mchanga unaoukuta chini ya nyumba ya filta unatisha macho tu, huo umeshakamatwa. Linaloua injini ni lile la mikroni 5 hadi 20 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwa chako una mikroni kama 70. Vumbi la kadiri hiyo linaingia kwenye utando wa oili kati ya ringi za pistoni na slivu (ukuta wa ndani wa silinda), halafu linafanya kazi ya msasa. Halipigi kelele wala haliwashi taa. Miezi inapita, lori linaanza kula oili, moshi unatoka kwenye bomba la kupumulia la injini, nguvu inashuka, na mwenye lori anaulizia bei ya ovaholi huku akilaumu oili aliyonunua mwezi uliopita.

Tabo nayo ina kilio chake. Feni yake ya upande wa hewa ni ya aluminiamu, na kwenye injini nyingi inapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo chembe ya mchanga ni risasi. Ukiona makali ya mapanga ya feni yamekuwa butu, yamelika kama kisu kilichonolewa kwenye saruji, usianze kuilaumu tabo. Rudi nyuma ukaangalie kilichokuwa kinaingia.

Geuza asilimia uione sura yake

Asilimia 97 na asilimia 99.9 zinasikika kama ndugu wa tumbo moja. Zigeuze. Achana na kiasi ambacho filta imezuia, uliza kiasi ilichopitisha. Kilo moja ya vumbi ikifika kwenye filta ya asilimia 97, gramu 30 zinaingia kwenye injini. Ya asilimia 99 inapitisha gramu 10. Ya 99.9 inapitisha gramu moja. Ya 99.99 inapitisha sehemu ya kumi ya gramu. Kati ya ile ya kwanza na ile ya tatu, tofauti ni mara 30, ingawa kwenye boksi ni kama pointi tatu hivi tu.

Namba hizo zinatoka wapi? Zikiwa za kweli, zinatoka kwenye kipimo cha ISO 5011, kiwango cha kimataifa cha kupima filta za hewa za injini. Maabara inapitisha hewa kwenye filta kwa kasi maalumu, inaimwagia vumbi la ukubwa unaojulikana, na kuendelea mpaka filta ibane hewa hadi kiwango kilichowekwa. Mwishoni wanajua mambo matatu: filta ilizuia vumbi kiasi gani, ilibeba gramu ngapi kabla ya kujaa, na ilibana hewa kiasi gani njiani.

Muuzaji akikutajia asilimia, muulize ni kwa vumbi gani. Vumbi la majaribio liko laini na liko la chembe kubwa, na hilo la chembe kubwa humpa kila mtu alama za kujivunia. Muulize pia kama ni asilimia ya filta ikiwa mpya au ya maisha yake yote, kwa sababu filta nyingi huzuia vizuri zaidi zikishachafuka kidogo. Na kama hewa ilipitishwa kwa kasi inayolingana na injini yako. Akikosa majibu, hiyo asilimia ni mbuzi kwenye gunia.

Karatasi

Karatasi ya filta haina undugu na ile ya daftari. Ni nyuzi za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi maalumu ili ihimili unyevu na joto, zikakunjwa mikunjo mingi ili eneo kubwa liingie kwenye mkebe mdogo. Iliyotengenezwa vizuri inafika 99.9 katika maisha yake bila shida. Ni rahisi kupatikana, na haidai ujuzi wowote kwa anayeifunga zaidi ya usafi.

Tabia yake moja watu wengi hawaijui. Karatasi ikiwa mpya ndipo inapovujisha zaidi. Baada ya muda vumbi linatanda juu yake kama utando, na utando huo wenyewe unaanza kuchuja vumbi linalofuata. Kwa hiyo yule mwenye bidii anayebadilisha filta kila akiona rangi imegeuka kahawia, anajipalia makaa: kila mara anairudisha injini kwenye zile siku za kwanza za uvujaji, na kila anapofungua nyumba ya filta anakaribisha vumbi kudondokea upande msafi. Uchafu wa macho si kipimo. Kipimo kipo, nitakifikia.

Udhaifu wake ni maji. Mvua ikiingia mpaka ndani, karatasi huvimba, hewa inabanwa ghafla, na mikunjo ya filta hafifu inaweza kulaliana au hata kuchanika. Mara nyingi kosa si la karatasi bali la mdomo wa kuvutia hewa uliovunjika kofia, au tundu la kutolea maji lililoziba tope.

Karatasi yenye nyuzi nano

Hapa juu ya karatasi, au juu ya mchanganyiko wa karatasi na nyuzi za plastiki, hutandazwa utando wa nyuzi nyembamba kuliko mikroni moja. Ukiiangalia kwa macho huoni tofauti yoyote. Kazini tofauti ni kwamba vumbi linakamatwa usoni mwa filta tangu siku ya kwanza, badala ya kusubiri litande lenyewe. Vumbi haliendi kujichimbia ndani ya karatasi, kwa hiyo mbano hupanda polepole, na zile siku za mwanzo zenye uvujaji hupungua sana. Ndizo zinazotangazwa kwa asilimia 99.99.

Donaldson wanaiita ya kwao Ultra-Web, na kampuni nyingine za filta kavu za malori zina zao kwa majina yao. Hao Donaldson, kwa njia, walianza mwaka 1915 kule Marekani kwa sababu ya matrekta yaliyokuwa yanakufa kwa vumbi shambani. Tatizo letu hili halina upya wowote.

Inagharimu zaidi ya karatasi ya kawaida. Kwenye lori la lami linalosafiri masafa marefu, sioni sababu kubwa ya kulipia tofauti hiyo, labda kama unataka kurefusha muda kati ya sevisi. Kwenye machimbo, mashamba, ujenzi wa barabara au msafara wa malori mawili matatu yanayofuatana kwenye changarawe, inajilipa. Wa pili katika msafara, hasa, anameza vumbi la mwenzake lote.

Pamba yenye oili

Hii ndiyo yenye mabishano, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Muundo wake ni tabaka kadhaa za kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mianya, kikabanwa kati ya nyavu za waya, kisha kikalowekwa oili maalumu inayonata. K&N ndio wanaojulikana zaidi kwa aina hii. Vumbi halizuiwi kwa udogo wa tundu. Linapita likipinda kwenye nyuzi na kunaswa na oili. Kwa sababu mianya ni mikubwa, hewa inapita kwa wepesi, na hapo ndipo tangazo linapoanzia: hewa zaidi, nguvu zaidi, na filta ya kununua mara moja maishani.

Kuhusu hewa zaidi: kwenye injini isiyo na tabo, inayovuta hewa kwa pumzi zake tu, kupunguza mbano kidogo kunaweza kusikika. Kwenye injini yenye tabo ambayo kompyuta yake inalenga presha fulani, tabo inafidia tofauti hiyo ndogo kwa kuzunguka kidogo zaidi, na dereva hapati kitu cha kukisikia makalioni. Kelele ya mvuto inaongezeka, hiyo ni kweli, na nahisi watu wengi wanasikia kelele wakadhani ni nguvu. Ambaye amebadilisha tabo, ameongeza mafuta kwa programu na anaendesha kwa mashindano, huyo hewa anaihitaji kweli. Lakini huyo pia anafungua injini mara kwa mara, na hana tani za mzigo wa mtu nyuma yake.

Kuhusu kuchuja, asilimia zinazotajwa kwa aina hii huwa kati ya 96 na 99. Rudia hesabu ya gramu hapo juu. Kwa gari linalozunguka mjini kwenye lami na kufikiwa na vumbi kidogo sana, gramu hizo zinaweza zisifike popote pa kuumiza. Kwa lori, ambalo kilo ya vumbi si hadithi, zinafika.

Halafu kuna kuosha. Filta hii inaoshwa kwa sabuni yake, inasuuzwa kwa maji yasiyo na nguvu, na inaachwa ikauke yenyewe, bila moto na bila upepo wa kompresa, kisha inapakwa oili na kuachwa isambae. Ukiharakisha kukausha umeharibu pamba. Ukipaka oili kidogo umebaki na kitambaa chenye matundu. Ukipaka nyingi, inavutwa kuelekea injini na kupaka sensa ya MAF (ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini) kwenye magari yaliyo nayo. Watengenezaji wanakana kwamba oili yao ina kosa, mafundi wanaapa wameiona, na nadhani wote wana sehemu ya ukweli, kwa sababu kosa liko mkononi mwa aliyepaka. Ila mimi nachagua vifaa kwa kuangalia nani atavihudumia. Utingo aliyechoka, saa mbili usiku, lori linatakiwa kuondoka alfajiri: huyo hatapaka oili kwa kipimo. Wala lori halisimami siku nzima kusubiri pamba ikauke, labda ununue mbili, na hapo hesabu ya kununua mara moja maishani imeshaanza kupinda.

Kitambaa kikavu cha kuosha

Ni nyuzi za poliesta au mchanganyiko, zinazooshwa lakini hazipakwi oili. Kampuni ya aFe, kwa mfano, inauza aina zote mbili, ya oili na kavu. Hii kavu imeondoa matatizo mawili ya pamba: sensa haichafuki, na hakuna wa kukosea kipimo cha oili. Baadhi ya mifano yake huchuja vizuri kuliko pamba, ingawa haifikii filta nzuri ya kutupa.

Kinachonisitisha ni maisha yake ya baadaye. Filta ya kutupa unaijua: ni mpya au imekwisha. Hii ya kuosha, baada ya kuoshwa mara kadhaa, mikunjo imelegea, gundi pembeni imechoka, na hakuna anayeweza kukuambia inachuja kiasi gani. Kwa pikapu ya nyumbani inayofika vijijini mara chache kwa mwezi naiona sawa kabisa, na mwenye nayo huwa anaihudumia mwenyewe kwa upendo. Kwa lori la kampuni lenye madereva watatu wanaopokezana, hapana.

Sponji yenye oili ni ya pikipiki za matopeni na mashine ndogo. Ile ya zamani ya bakuli la oili, ambayo hewa inapiga oili kwanza ndipo ipande kwenye nyavu, bado ipo kwenye malori ya wazee. Injini ikinguruma polepole hewa haina nguvu ya kutosha kutupa vumbi kwenye oili, kwa hiyo inachuja vibaya pale pale unaposubiri zamu ya kupakia. Ukiweza kuibadilisha kuwa ya kavu yenye nyumba yake kamili, badilisha.

Kwa wanaopenda kuona yote pamoja:

| Aina | Kuchuja | Inavyobana ikiwa safi | Inavyovumilia vumbi jingi | Hatari yake kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Karatasi nzuri | Juu, huongezeka ikitumika | Wastani | Vizuri | Maji, kubadilishwa mapema mno |
| Nyuzi nano | Juu kabisa tangu mwanzo | Wastani | Vizuri sana | Kuigwa. Feki ni nyingi |
| Pamba yenye oili | Chini ya nyingine | Kidogo | Hafifu | Mkono wa anayepaka oili |
| Kitambaa kikavu cha kuosha | Kati | Kidogo hadi wastani | Wastani | Uchakavu usioonekana |

Lini inakwisha: uliza geji, usiulize rangi

Filta ikijaa, injini inalazimika kunyonya kwa nguvu zaidi, na mnyonyo huo unapimika. Malori mengi yana kijigeji kidogo kwenye nyumba ya filta au kwenye bomba, chenye dirisha linaloingia wekundu. Mengine yana sensa na taa kwenye dashibodi. Kipimo ni inchi za maji au kilopaskali. Kwa dizeli nyingi za malori zenye tabo, filta hubadilishwa ikifika inchi 25 za maji, yaani kilopaskali 6.2 hivi. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho, kwa hiyo fungua ukurasa wake kabla ya kuniamini.

Geji usiisome injini ikiwa inanguruma tu. Hewa inayopita wakati huo ni kidogo, na hata filta iliyoziba itaonekana nzima. Kisomo cha maana ni cha injini inayovuta mzigo kwa mafuta yote. Vile vijigeji vyenye kufuli vinashika kisomo cha juu kabisa na kukisubirisha mpaka dereva asimame, akione, kisha abonyeze kukirudisha sifuri. Kama lori lako halina, kukiweka ni kazi ya dakika chache, na kwa maoni yangu ni pesa nzuri kuliko tofauti kati ya filta ya kawaida na ile ya jina kubwa.

Kupitiliza nako kuna adhabu. Hewa ikipungua, moshi unakuwa mweusi, joto la moshi kabla ya tabo linapanda, mafuta yanaongezeka kwa kazi ile ile. Na kwa kuwa mbele ya feni ya tabo kuna mnyonyo mkubwa kuliko kawaida, oili inaweza kuvutwa kupita sili za tabo na kuingia kwenye mabomba ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo). Nimeona watu wakinunua tabo mpya kwa ajili ya oili hiyo, wakairudisha kwenye filta ile ile iliyoziba, na oili ikarudi wiki hiyo hiyo.

Kupuliza kwa upepo

Kila gereji ina kompresa, na kila kompresa ina mtu anayetaka kuokoa filta kwayo. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu filta kubwa ya nje ipulizwe, kwa presha isiyozidi psi 30, kutoka ndani kwenda nje, na kwa idadi maalumu ya mara. Wengine wanakataa kabisa. Presha ya kompresa ya gereji ni mara kadhaa ya hiyo, na inayotoka kwenye bunduki iliyobandikwa kwenye mkunjo inatoboa matundu usiyoyaona hata ukimulika tochi ndani. Utando wa vumbi uliokuwa unasaidia kuchuja nao umeondoka. Unabaki na filta inayobana hewa kidogo, ndiyo, kwa sababu imekuwa chekecheo.

Kuipigapiga kwenye tairi ni kubaya zaidi. Kunapinda kifuniko cha chuma na kuvunja gundi inayoshika mikunjo.

Ile ndogo ya ndani, filta ya usalama, haipulizwi wala haioshwi kamwe. Kazi yake ni kulinda injini siku ya nje itakapochanika, na wakati unapobadilisha ya nje. Kama nyumba yako ya filta ina nafasi yake na imetupwa kwa sababu "inabana", irudishe. Ikichafuka sana mapema, inakuambia kwamba ya nje inavuja.

Raba, nyumba na mabomba

Siku moja nilifungua bomba la kuelekea tabo kwenye lori lililokuwa limefungwa filta mpya, nzuri, ya boksi halali. Kidole kilitoka na unga wa kahawia. Filta haikuwa na tatizo lolote. Ringi yake ya raba ilikuwa imekaa upande mmoja kwenye shingo ya nyumba, na upande wa pili hewa ilikuwa na mlango wake wa siri. Asilimia 99.99 ya boksi ilikuwa imebaki kwenye boksi.

Kwa hiyo unapolinganisha filta mbili dukani, kabla ya kusoma maandishi, bonyeza raba. Iwe laini, irudi haraka, isiwe na mshono uliotokeza wala sehemu ngumu. Angalia mikunjo: iwe imepangana sawasawa, isiegemeane. Bonyeza kiini cha ndani. Cha plastiki nyembamba kinaweza kubondeka mnyonyo ukikaza, na vipande vyake viko umbali mfupi tu kutoka kwenye tabo. Pima urefu na kipenyo dhidi ya ile ya zamani, kwa sababu "inaingia" na "inaziba" ni mambo mawili. Feki nyingi zinaanguka kwenye mitihani hii hii, bila hata kuhitaji maabara.

Wakati wa kufunga, toa ya zamani kwa kuizungusha taratibu ili vumbi lisimwagike, futa shingo ya nyumba kwa kitambaa chenye unyevu, ndani na nje, na sukuma mpya kwa kubonyeza ukingo wake, si katikati. Usipake grisi kwenye raba. Inakusanya vumbi pale pale unapotaka pawe safi. Kisha angalia mdomo wa raba ulio chini ya nyumba, ule wa kutemea vumbi. Ubinye kila siku. Ukipotea au ukaganda wazi, kazi ya kuzungusha na kutupa vumbi zito kabla halijafika kwenye filta inaharibika, na filta yoyote uliyonunua itajaa kabla ya wakati wake.

Mabomba kati ya filta na tabo ndiyo yanayosahauliwa. Ufa mdogo kwenye hosi ya upande ule, au klipu iliyolegea, unapitisha hewa isiyochujwa moja kwa moja, na hakuna aina ya filta itakayokusaidia.

Kwa hali yako

Lori la masafa marefu kwenye lami: karatasi ya kampuni inayojulikana au ya mtengenezaji wa lori, geji inayofanya kazi, filta ya usalama ndani. Maliza hapo.

Lori la machimbo, msitu, shamba au barabara inayojengwa: nyuzi nano, na kabla ya kununua hiyo, hakikisha una kichujio cha awali cha kuzungusha vumbi na mdomo wa kuvutia hewa ulioinuliwa juu ya kabini. Hewa ya juu ina vumbi pungufu sana kuliko ya usawa wa tairi, na huo ni mchujo usiobana kitu.

Pikapu ya dizeli yenye tabo, matumizi ya nyumbani, mwenyewe unapenda kushika spana: kitambaa kikavu cha kuosha kinakubalika. Ukitaka pamba yenye oili kwa sababu ya sauti, sema ni kwa sababu ya sauti, na uipake kwa mkono mwepesi.

Injini iliyoongezwa nguvu: kabla ya kubadilisha aina ya kitambaa, tafuta filta kavu kubwa zaidi. Eneo likiongezeka, mbano unashuka na kuchuja kunabaki pale pale. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Ukishabadilisha aina, usikae ukikisia. Baada ya wiki chache fungua hosi ya upande msafi na upitishe kitambaa cheupe ndani. Na oili inapomwagwa, peleka sampuli ipimwe kama unaweza. Silikoni ndiyo alama ya vumbi, kwa sababu mchanga umejaa silika; ikipanda kuliko sampuli zako za nyuma, na chuma au aluminiamu zikipanda pamoja nayo, kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa. Injini mpya au iliyofunguliwa karibuni inaweza kuonyesha silikoni kutokana na gundi ya gaskiti, hivyo sampuli moja haitoshi kuhukumu. Chukua ya pili sevisi inayofuata, na andika kilomita kwenye kifuniko cha filta kwa kalamu ya rangi isiyofutika.